Anayeonja Kwanza

Saa mbili asubuhi Dativa aliwapima uzito panya weupe kumi na wawili, kisha akawawekea dawa ya tumbo ya Bi Mwanaheri wa Kipatimu, iliyokamuliwa kutoka majani ya kichaka kilicho nyuma ya jiko lake. Panya wakaipa mgongo. Ilikuwa siku ya tatu wanaikataa.

Kwenye simu Bi Mwanaheri alicheka. "Hawajaonjewa hao, mjukuu wangu. Kwetu mganga hunywa kwanza. Nakuja."

Aliingia maabara ya Lindi mchana, vumbi la njiani hadi kwenye kope. Akanywa kijiko kimoja mbele ya vizimba. Panya nao wakanywa, kwa kadiri ya uzito wao. Asubuhi wote walikuwa wazima, na yeye pia.

"Andika kijiko kimoja," alisema. "Miaka yote nawapa watu kimoja."

Lakini utaratibu ulitaka kipimo kiongezwe. Kwa vijiko viwili Bi Mwanaheri aliumwa kichwa. Kwa vitatu akachipua majani kwenye mikono, madogo, mororo. Panya walinenepa.

Dativa aliyachuma moja moja. "Yanauma, Bibi?"

"Yanawasha tu. Na mikono yako hii ya baridi, utaolewa na muuza barafu."

Dativa aliyaandika kwenye ripoti, idadi na urefu. Mkuu wake, Dokta Faustino, akaifuta mistari hiyo kwa upole.

"Fomu ni ya panya, Dativa. Panya gani ameota majani?"

"Lakini Bibi..." alisema Dativa. Ripoti ikatoka: vijiko vitatu, salama. Bi Mwanaheri hakutajwa.

Sasa dawa iko madukani, na chupa imeandikwa vijiko vitatu. Wanywaji hawajambo. Kwa kila anayeinywa, awe Kilwa Masoko au Dar es Salaam, jani moja humchipukia Bi Mwanaheri: mabegani, shingoni, nyuma ya masikio.

Kila Ijumaa Dativa hupanda basi la Kipatimu, humwamkia, huketi naye mkekani na kuanza kuchuma.

"Bibi, kataa basi kuwaonjea."

"Niwakatae vipi, na wanaumwa?" alisema Bi Mwanaheri, akainua kidevu ili Dativa ayafikie ya kooni.