Mpaka Ipasuke

Kalamu iliyotumika kusaini sheria ya kusafisha taka za angani iko ofisini kwetu, ndani ya kisanduku cha kioo, na kila mgeni akija bosi wangu humpeleka kuiona. Mimi nikipita pale huangalia sakafu. Sheria hiyo niliiandika mimi, karibu yote, na kuna kifungu kimoja ndani yake ambacho natamani mkono wangu ungekauka kabla sijakiandika.

Naitwa Noreen Haskett. Mwaka wa kumi na tatu huu namsaidia Seneta Corliss hapa Washington, na kazi yangu ni kuandika miswada ambayo wengine husifiwa kwayo. Silalamiki, niliiomba mwenyewe.

Muswada huu aliuleta mzee mmoja. Orville Stensrud alikuja ofisini miaka kumi iliyopita bila miadi, kutoka kwetu milimani, tai yake imefungwa fupi mno, mkononi chupa ya mapichi ya kupikwa na sukari.

"Binti, mnaruhusiwa kupokea hiki?" aliuliza.

"Kikiwa chini ya dola hamsini, mzee."

"Hiki hakifiki hata tano. Aliyejua kuyapika alikuwa mke wangu, na ameshafariki. Haya nimepika mimi, kwa hiyo toa tena mbili."

Alikuwa fundi wa umeme wa satelaiti. Zamani za ujana wake, yeye na wenzake waliitengenezea serikali satelaiti mbili za hali ya hewa, Saba na Nane. Zilifanya kazi mpaka zikazeeka, zikazimwa, zikaachwa hukohuko juu zikizunguka, maana siku hizo hakuna aliyejisumbua kufikiria kuzirudisha. Ubaya ulikuwa kwenye betri. Juu ya betri lilipita fungu la nyaya lililobanwa kupita kiasi, na miaka ikienda nyaya zinasagika, ganda linaisha, siku moja zinagusana na betri inapasuka. Orville alilijua hilo kwa sababu mchoro wa zile nyaya una saini yake.

Saba ilikuwa imeshapasuka. Kipande chake kimoja kilipita karibu na kituo cha angani wanakoishi watu, nao wakakimbilia kujifungia kwenye chombo chao cha kurudia duniani, wakasubiri humo kama wamo jenezani. "Walijificha kwa sababu ya saini yangu," Orville aliniambia, na hakusema kwa kutafuta huruma. Nane ilikuwa bado nzima, na nyaya zilezile. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: Nane ishushwe ikiwa nzima.

Mashine ya kuishusha ilikuwapo. Vijana fulani wa jimboni kwetu walikuwa wameshaunda moja yenye mkono wa kukamatia. Lakini satelaiti ni mali ya aliyeirusha hata ikifa, na serikali, mwenye mali, haikuwa na ofisi hata moja yenye mamlaka ya kusema haya, ichukueni. Ni sawa na gari bovu la serikali lililoachwa katikati ya barabara kuu: madereva wote wanaliona, na atakayelivuta pembeni atashtakiwa kwa wizi.

Basi tukaandika muswada. Ofisi moja ipewe mamlaka, iorodheshe taka zilizo hatari zaidi, ianze kuzishusha. Wataalamu walipotengeneza orodha ya majaribio, Nane ilikuwa ya tatu.

Muswada ukafa mara tatu. Huku kwetu kila miaka miwili bunge linavunjwa na kila kilichokuwa hakijapita kinakwenda na maji, hata kama kilibakiza hatua moja. Unaanza upya, namba mpya, wajumbe wapya wanaouliza maswali yaleyale. Kila mara Orville alipanda ndege akaja kutoa ushahidi na tai yake fupi, na kila mara akaniletea chupa. Mapichi yalikuwa yanazidi kuwa matamu. Nilimwambia, akasema ni uongo wa watu wa mjini, lakini alifurahi.

Mara ya nne ukapita katika Baraza la Wawakilishi, ukabaki kwetu Seneti, na Krismasi ilikuwa wiki inayofuata.

Miswada midogo kama ule haipigiwi kura. Ofisi zote mia za maseneta hupigiwa simu: huu hapa, utapita leo saa kumi na moja jioni, mwenye pingamizi aseme. Ukinyamaza umekubali. Ukipinga, hulazimiki kutoa sababu, wala jina lako halitajwi. Seneta mmoja tu anatosha kuuzuia. Sisi tulitoa taarifa saa tano asubuhi, na saa saba nikapigiwa simu na Brock Tillery, msaidizi wa Seneta Rooke.

"Noreen, dada yangu, umeshafunga mizigo?"

"Sema shida yako, Brock."

"Mzee wangu kauzuia muswada wako. Pole."

"Kwa lipi?"

"Kuna watu kule jimboni kwetu wana mavyuma yao ya zamani huko juu. Wanaogopa leo yatasafishwa, kesho wataletewa bili."

"Humo hamna bili. Soma ukurasa wa sita."

"Nani anasoma, Noreen? Nina ndege jioni na wanangu wanataka theluji." Nilimsikia akitafuna kitu. "Nakuomba jambo dogo. Weka kifungu kwamba sheria inahusu kile kitakachoanza kuwa taka baada ya kusainiwa. Vya zamani viacheni vilivyo. Nikikipata kabla ya saa tisa, Mzee anaachia."

"Taka zote za huko juu ni za zamani, Brock. Unataka tusafishe nini?"

"Si mtarekebisha mwakani? Pata sheria kwanza, we mama. Wenzio tunaishi hivyohivyo."

Na kweli tunaishi hivyohivyo. Mwakani ndiyo dawa yetu ya kila kidonda hapa. Nimeshawaona watu wazima, wenye shahada tatu, wakimwaga chungu kizima cha chakula kwa sababu mwakani watapika kingine.

Nikaenda kwa Seneta Corliss. Alikuwa ameshavaa koti.

"Tukikataa?" aliuliza.

"Unakufa. Januari tunaanza na namba mpya."

"Tukikubali?"

"Tunapata sheria ya kusafisha isiyogusa kitu hata kimoja kilichoko juu leo. Na Nane ya mzee Orville haimo."

Alitazama dirishani kidogo. Si mtu mbaya, naomba ieleweke, na Orville alimpenda. "Noreen, baada ya miaka miwili nina uchaguzi," alisema. "Miaka saba naahidi sheria hii. Nipe kitu kipite. Tutarekebisha."

Ningeweza kubisha. Nilikuwa nimeshambishia kwa mambo madogo kuliko hilo na akanisikiliza. Lakini nami nilikuwa na tiketi ya ndege kwenda kwa mama yangu, na nilikuwa nimechoka, na nilitaka mara moja tu kazi yangu ipite. Nilikaa nikakiandika kifungu cha tisa kwa dakika ishirini, huku nikila mkate wa nyama ya bata mzinga. Sikumpigia Orville. Nilijiambia sitaki kumsumbua mzee wakati wa sikukuu.

Saa kumi na moja ukumbini alikuwamo seneta mmoja wa zamu na makarani. Ulisomwa na kupitishwa haraka kuliko mtu anavyofunga kamba za viatu. Kesho yake Wawakilishi wakayakubali mabadiliko kwa mtindo uleule.

Siku ya kusaini, Orville alialikwa. Alikuja na miaka yake themanini na minne, tai mpya, na chupa. Wote tuligawiwa nakala ya sheria, waraka wa ukumbusho wenye utepe, na kati ya watu wote mle ndani aliyekaa kuisoma alikuwa yeye. Fundi hawezi kushika karatasi bila kuisoma. Watu walipokuwa wanapiga makofi nikamwona kidole chake kimesimama kwenye ukurasa, nikajua.

"Noreen," aliita. Miaka saba aliniita binti. "Kifungu cha tisa. Nimekisoma mara mbili nikidhani ni macho yangu. Nane haimo?"

"Haimo, mzee."

"Vipande vya Saba?"

"Navyo havimo."

"Nani alikiandika?"

"Mimi. Mwakani tutarekebisha."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza mashine inayogonga. "Hebu nisaidie. Kipande kikimeguka leo, kwenye daftari la vitu vya angani kinapewa namba yake na tarehe yake mwenyewe, sivyo?"

"Ndivyo."

"Kwa hiyo Nane ikiwa nzima, ambapo mashine moja ya wale vijana inatosha kuikamata, sheria yenu inasema isiguswe. Ikishapasuka vipande mia tatu, ambavyo hakuna mashine duniani ya kuvikamata, ndipo sheria inaruhusu."

Sikuwa nimeliona hilo. Miaka kumi ya kuandika sheria, na sikuliona.

"Mmeniandikia sheria ya kungoja ipasuke," alisema.

Wakamwita kwenye picha. Alikwenda, maana ni mtu wa adabu, akasimama pale alipoelekezwa. Aliondoka bila kuniaga, na chupa ya mapichi niliikuta kwenye kiti chake. Sikujua kama kaniachia au kaisahau. Niliichukua.

Mwakani ikafika. Niliandika marekebisho, kurasa mbili tu. Kila mlango niliobisha walinijibu kwamba sheria ipo tayari, tuipe muda tuone inavyofanya kazi. Mwaka uliofuata bosi wangu alishinda uchaguzi, na ile picha ilikuwa kwenye mabango yake, Orville akiwa pembeni, mtu pekee asiyeangalia kamera. Brock alinitumia kadi ya pongezi.

Nane ilipasuka Jumanne moja ya Septemba, saa nne asubuhi. Hadi mchana walikuwa wameshahesabu vipande mia tatu na kumi na viwili. Wale wa kituoni walijifungia tena kwenye chombo chao kwa muda wa saa nne, na mmoja wao, mama wa watoto wawili, aliomba aunganishwe na nyumbani kwake. Walitoka salama. Siku hiyo.

Jioni ikaja barua kutoka ile ofisi mpya. Walifurahi kutujulisha kwamba taka za kwanza zinazotimiza masharti ya sheria zimepatikana, na orodha imeambatishwa, namba mia tatu na kumi na mbili. Aya ya mwisho ilieleza kwamba kwa sasa hakuna njia ya kuziondoa, kwa kuwa nyingi hazizidi ukubwa wa sahani.

"Andika taarifa," Seneta alisema. "Sema sheria yetu imeanza kufanya kazi." Hakuniangalia usoni aliposema.

Niliandika. Nataka hilo nalo lijulikane, kwamba niliandika, na kwamba iliandikwa vizuri.

Kisha nikafunga mlango nikampigia Orville. Ilichukua muda kupokewa.

"Mzee, ni Noreen. Nadhani umesikia."

"Nimesikia."

"Wanafikiri ni betri."

"Hawana haja ya kufikiri." Alikohoa. "Ile familia ya yule mama. Walimpata?"

"Walimpata. Aliongea nao."

"Vizuri." Nikamsikia akivuta kiti, akikaa. "Vina namba zake vyote?"

"Vyote, mzee."

"Na tarehe za baada ya saini."

"Ndiyo."

"Basi sasa mnaruhusiwa," alisema. "Anzeni."

Akakata simu.