Mwalimu wa Wenye Digrii

Barua ya meneja ilikuwa na mambo mawili, na la pili ndilo lililomtoa Khamisa jasho. La kwanza, kuanzia Jumatatu angeacha kupokea simu kwa wiki nzima, awafundishe vijana sita waliomaliza Chuo Kikuu namna ya kuzungumza na wateja. La pili, kwa kuwa sasa ataitwa mkufunzi, alete cheti chake cha kidato cha nne kabla ya Ijumaa saa tisa, kipelekwe makao makuu.

Khamisa hakuwa na cheti hicho. Hata kidato cha kwanza hakukikanyaga.

Mwaka huo ulikuwa 1971. Miaka kumi na mmoja nyuma, alipokuja Nairobi kutoka Lamu baada ya kuachwa na mumewe, mjomba wake Shamsudin alimpeleka katika kampuni ile ya bima katikati ya mji, akaombe kazi ya simu. Fomu iliuliza kiwango cha elimu. Khamisa, aliyeishia darasa la nane, aliandika "kidato cha nne" kwa mwandiko wake mzuri, na hakuna aliyemuuliza. Kiingereza alikiokota kwa masikio, kwa kuwasikiliza wakubwa wakisemezana simuni. Kila alipoitwa ofisini kwa ghafla, alidhani fomu ile imefunuliwa. Miaka kumi na mmoja yote, haikupita wiki bila hofu hiyo.

Jumatatu alitoka nyumbani kwake Riruta bila kutia kitu tumboni. Vijana walikuwa wanamngoja ghorofa ya tatu, wanaume watano na msichana mmoja, Caren, aliyekuwa na kalamu mkononi tayari. Lazarus, mwenye tai pana kama kitambaa cha meza, ndiye aliyeanza.

"Na wewe, mama, hii kazi ya kufundisha ulisomea wapi?"

Khamisa aliwageukia wote. "Hapa hapa," akasema.

Wakacheka, wakidhani anatania. Naye akaona afadhali waendelee kudhani hivyo.

Akawafundisha alichokijua. Mtu akipiga simu, andika jina lake kabla ya shida yake. Usimjibu kabla hajamaliza kupumua. Aliyekasirika mwache aseme yote, kisha umrudishie maneno yake kwa utaratibu, ajue umesikia. Usimwambie mteja "haiwezekani" halafu ukanyamaza, mwambie kinachowezekana. Caren aliandika kila neno. Lazarus alipiga miayo siku ya kwanza. Siku ya pili aliuliza maswali hadi saa ya chakula ikapita. Khamisa alikuwa akijibu huku akitazama mlango, kila hatua ya kiatu huko nje akiisikia kama ya mtu anayekuja kumtoa.

Kijana wa sita aliitwa Oloo. Alisomea hesabu, na walisema alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Lakini alipotakiwa asimame ajitambulishe, midomo ilicheza bila sauti. Jumatano Khamisa alimkuta kwenye ngazi za nyuma, amekaa, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Mimi naogopa watu, mama," akasema. "Hesabu inanikubali. Lakini mtu akiniangalia, kila kitu inatoka kwa kichwa. Wakijua, watanifukuza."

Khamisa aliketi kando yake. Alitaka kumwambia kwamba hofu ni upuuzi wa ujana, lakini angesemaje hivyo?

"Na mimi naogopa, mwanangu," akasema. "Tangu Jumatatu sijalala vizuri."

"Wewe? Unaogopa nini?"

Alimwambia tu, "Kesho utakaa kaunta, na mimi nitasimama nyuma yako. Usimfikirie huyo anayekutazama. Shika lile analolisema."

Alhamisi alikuja mwanamke wa Dagoretti, Wangeci, amejifunga kitambaa cheusi. Mumewe alikuwa mchinjaji, alianguka kazini akafa, naye alikuwa anadai fedha za bima yake. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja, na kila mara alirudishwa kwa karatasi nyingine inayokosekana. Alipofika mbele ya Oloo alianza kupaza sauti, watu wote wakageuka.

"Nyinyi mnataka nimfufue ndiyo muamini amekufa?"

Khamisa aliona shingo ya Oloo imelowa jasho. Moyo ulimwambia amsogeze kando achukue nafasi yake. Akajizuia, akabaki nyuma yake.

Oloo alichukua kalamu. "Jina lako, mama?" Sauti ilikatika katikati, lakini ilitoka. Akaandika. Akamwacha aseme, naye Wangeci akasema mpaka akachoka, akaanza kulia. Kisha Oloo akasema polepole, "Umekuja mara tatu. Kila mara umeambiwa karatasi tofauti. Leo nitakuandikia zote pamoja, na ukirudi uniulize mimi, Oloo." Wangeci alifuta macho, akaikunja karatasi aliyoandikiwa akaitia kifuani, akaondoka bila kusema neno.

Usiku ule Khamisa hakufikiria lingine. Kijana yule alikaa pale akitetemeka mbele ya watu wote, na yeye aliyemweka pale alikuwa bado amejificha.

Ijumaa saa nane aliingia kwa Bwana Jamleck, meneja.

"Bwana, cheti sina. Sikuwahi kuwa nacho. Niliandika uongo."

Bwana Jamleck aliweka miwani mezani.

"Ungenyamaza, ningekisahau hicho cheti," akasema. "Sasa umeniambia, itabidi niwaandikie makao makuu."

Makao makuu walichukua wiki tatu kujibu. Katika wiki hizo Khamisa alikuwa akiunganisha simu kama kawaida, na kila tarishi alipoingia na mfuko wa barua alimfuata kwa macho. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: onyo kali, asiitwe mkufunzi tena, abaki kwenye simu. Mafunzo alipewa Mwelu, bwana mwenye diploma ya ng'ambo. Khamisa alisoma barua mara nne, kisha akaenda msalani akalia. Hakujua ni aibu au ni nafuu.

Oloo aliajiriwa, akapewa kaunta.

Miezi saba baadaye, saa ya chakula, msichana mmoja mgeni alibisha mlango wa chumba cha simu, faili amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama. Naitwa Selpher, nimemaliza Chuo juzi. Bwana Oloo ameniambia nikuone, unifundishe kuzungumza na wateja, kabla sijaanza Jumatatu."

Khamisa alitupa jicho koridoni, ofisi ya Mwelu ikiwa wazi hatua chache tu kutoka pale.

"Marahaba," akasema. "Funga mlango, ukae."