Suti ya Kwenda Benki

Mume wangu ni dereva wa lori, na lori likikosa safari yeye hushinda kitandani akihesabu mbao za dari. Mwaka huo safari zilikauka. Nyumba tuliyonunua kwa mkopo, tunamoishi na mama yake, ikawa inadai kuliko tunachopata, na cherehani yangu peke yake haikuweza kubeba mzigo wa wawili. Benki wakipiga simu, mwanamume huyu mwenye mabega mapana kama mlango anaificha chini ya mto. Ati mto utalipa!

Ushauri tulipewa bure, wa kila rangi. Shemeji alisema tuuze haraka kabla hatujauziwa. Wifi akasema tukope kwingine tulipe hapa, yaani tuzime moto kwa mafuta ya taa. Nikachoka. Nikamwambia mume wangu mficha maradhi kifo kitamuumbua, kesho tunakwenda kumwona mshauri wa mikopo hapo hapo benki. Alikubali kwa sharti moja: asionekane fukara.

Hapo nami nikaingia ujinga. Nilikuwa na suti ya jirani tunayemwita Bosi, yule ambaye geti lake ni kubwa kuliko nyumba. Aliiagiza kwa haraka, ya kuvaa kwenye kikao, kikao gani hakusema. Koti lilikuwa tayari. Suruali nilikuwa nimeishikiza kwa pini tu, kiunoni na makalioni. Nikamvika, akapendeza mpaka nikasahau shida. Njia nzima alitembea kama aliyebeba mayai, watu wakadhani ni maringo.

Mshauri alikuwa dada mmoja mpole. Alitukaribisha viti, mimi nikakaa, mume wangu akabaki wima. Dada akamtazama juu mpaka chini, akauliza kazi inaendaje. Basi bwana akafunguka: kazi nzuri, safari zipo, tumechelewa kidogo tu, mwezi ukiisha tutalipa malimbikizo yote. Dada akashika kalamu. Akasema kama ni hivyo hana la kutusaidia, ataiandika ahadi, na ikivunjwa faili litakwenda kwa watu wa mnada.

Mnada! Nilikiona kitanda cha mama mkwe kimetolewa nje, juani, na yeye amekaa juu yake na mkoba wake.

"Usiandike, dada," nikasema. "Hiyo suti si yake. Hata kukaa hawezi, imejaa pini."

Nilidhani mume wangu atanila nyama. Badala yake alivua koti, akalitundika kwenye kiti taratibu. Akachomoa pini moja moja akiziweka mezani mbele ya dada, kisha akakaa upesi kabla suruali haijamwachia.

"Sina safari," akasema. "Na ninaogopa kumwambia mama yangu kwamba atahama."

Dada akaisogeza ile karatasi pembeni. Alituuliza tunapata nini hasa, yeye na mimi, bila kutuharakisha. Akaeleza kwamba malipo ya kila mwezi yanaweza kupunguzwa na miaka ikaongezwa. Mwishowe tutakuwa tumelipa zaidi, lakini tutakuwa tumelala ndani. Hakuahidi kitu mpaka wakubwa wake wakubali.

Siku chache baadaye simu ililia, na safari hii mume wangu aliipokea. Wamekubali. Mama mkwe alinikuta jikoni nalia juu ya vitunguu ambavyo sijavimenya.

Kesho yake Bosi akaja kuchukua suti. Nilikuwa nimeishona vizuri, nimeinyoosha, na nimeamua kunyamaza. Mume wangu akanitangulia. Akamwambia ameivaa, akamwambia amekwenda nayo wapi na kwa nini. Nikainamia cherehani nikitafuta pa kujificha. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu huyu akimweleza jirani shida yake.

Bosi hakukasirika. Aliketi kwenye stuli ya wateja, koti mapajani, akawa anaipapasa kola kwa muda mrefu.

"Walikusikiliza?" akauliza.

"Walinisikiliza nilipoivua."

Bosi akaikunja suti na kunirudishia. Akasema nimtunzie kwanza, asubuhi atakwenda benki na shati lake la kazini. Kisha, bila kumtazama usoni, akamwomba mume wangu amsindikize.