Mstari wa Majina

Kwa miaka minne kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Siku ya kwanza aliingia nyuma ya mjomba wake, mjomba akasimama katikati ya karakana akasema, "Huyu ni mpwa wangu, mnitunzie," na tangu siku hiyo akawa Mpwa. Mpwa kwa mlinzi wa getini, Mpwa kwa wahasibu, Mpwa hata kwa yule dada wa chai ambaye alikuwa mdogo wake kwa miaka sita. Alikuwa binti mwenye shahada mbili na mikono iliyotulia, lakini jina la kujitegemea hakuwa nalo. Walipomtania alicheka pamoja nao, na kila alipocheka kitu kilimchoma ubavuni.

Kampuni ilitengeneza mashine za kuwekwa kando ya kitanda cha mgonjwa, zile zinazochora mapigo ya moyo kwenye kioo. Ndani ya kila mashine kulikuwa na bodi ya kijani yenye chipu moja kubwa, na kwenye chipu hiyo uliendeshwa mfumo ule wa bure ambao watu wa dunia nzima huuandika pamoja. Kiini cha mfumo ndicho kinachopaswa kuijua chipu: saa yake inapiga kwa kasi gani, kumbukumbu yake inaanzia wapi na kuishia wapi, waya upi unakwenda kwenye kioo. Mjomba ndiye aliyekifundisha kiini kuijua bodi yao ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa waliotengeneza chipu ile walikuwa wameacha kuitengeneza. Ikanunuliwa chipu nyingine, ikachorwa bodi nyingine, na kiini hakikuitambua kabisa. Ukiiwasha ilipata joto, ikanyamaza.

Meneja wao walimwita Tabasamu, maana hakuna aliyewahi kumwona amekunja uso, hata ile asubuhi aliyopunguza watu kumi na wanane kabla ya saa nne. Alimwita Mpwa ofisini, akafunga mlango kwa kisigino.

"Kwenye kazi ya kiini nina watu wawili," alisema. "Bodi hii ikishasimama nitabaki na kiti kimoja. Jina litakaloonekana kwenye kazi ndilo litakalokikalia."

"Mjomba anajua?"

"Mjomba wako macho yamekwenda. Kichwani bado ana vitu. Mkamue taratibu." Akatabasamu. "Au unataka nimwambie yeye akukamue wewe?"

Mpwa alitoka mle ofisini bila kujibu. Baadaye angejiambia kwamba kutojibu si kukubali. Lakini saa ile ile alikwenda kununua daftari jipya.

Kweli mjomba macho yalikuwa yamekwenda. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na alikuwa kwenye foleni ya upasuaji. Kwa hiyo walifanya kazi hivi: mjomba anakaa kwenye stuli, mikono magotini, na Mpwa anamsomea kitabu cha chipu kwa sauti, kurasa elfu mbili na mia moja, huku akiandika kila neno ambalo mjomba analitoa.

"Usihangaike na kioo," mjomba alimwambia wiki ya kwanza. "Bodi ni bubu, basi ipe kidole. Kuna taa ndogo pale pembeni. Mwambie kiini aiwashe akifika hatua ya kwanza. Ikiwaka, isogeze hiyo amri mbele. Utajua anapoangukia."

Taa iliwaka. Wakaisogeza amri mbele, hatua baada ya hatua, siku tisa, hadi bodi ikaanza kutoa maandishi kwenye waya wa majaribio. Maandishi yenyewe yalikuwa takataka tupu, nyota na mabano na herufi zisizo na maana.

"Nisomee," mjomba alisema.

"Hakuna cha kusoma, mjomba. Inabwabwaja."

"Haibwabwaji. Inaongea haraka kuliko unavyosikiliza. Shika kipimo, uniambie mpigo mmoja una upana gani."

Alishika kipimo, akasoma, na mjomba akakokotoa kichwani akiwa amefumba yale macho yasiyoona. Kitabu kilisema saa ya bodi hupiga mara milioni ishirini na nne kwa sekunde. "Kitabu kimeandikwa na mtu aliyechoka," mjomba alisema. "Hiyo ni ishirini na sita." Mpwa akabadilisha namba moja, akawasha, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, safi, inayosomeka, kiini kikijitangaza na kuhesabu vifaa vyake kimoja kimoja. Mjomba hakuiona. Aliisikia kwenye pumzi ya mpwa wake, akapiga goti lake kofi na kucheka kama mtu aliyepokea mgeni wa mbali.

Tatizo la mwisho lilikuwa baya zaidi. Bodi iliwaka vizuri, ikafanya kazi saa mbili, tatu, kisha ikaganda. Safari nyingine iliganda baada ya dakika kumi. Mjomba alikaa siku nzima akiuliza maswali ya ajabu: ilikuwa inafanya nini, ilikuwa imebeba nini, kumbukumbu ilikuwa imejaa kiasi gani. Jioni alisema, "Uzungushie ukuta. Megabaiti mbili za mwisho za kumbukumbu, kiini asiziguse." Akainuka kwenda kupanda gari la kazini. Mpwa akafanya alivyoambiwa. Bodi ilikaa wiki nzima bila kuganda.

Wiki hiyo hiyo hospitali ikamwita mjomba kwa upasuaji. Na wiki hiyo hiyo Mpwa akaituma kazi.

Kazi ya namna ile hutumwa hadharani kwa wanaoutunza mfumo ule wa bure, kwa barua pepe inayosomwa na yeyote anayetaka, na chini ya barua huwekwa mstari wa majina: nani ameandika, nani ameshirikiana naye, nani amepima. Mpwa aliandika jina lake. Akaliangalia. Lilikuwa limeandikwa kamili, la kwake na la baba yake, na halikuwa na mjomba popote. Akabonyeza.

Msimamizi wa sehemu ile ya kiini alikuwa mtu wa nchi nyingine, asiye na simile. Alijibu siku ya tatu: "Hizi megabaiti mbili umezikata kwa nini? Kama ni kubahatisha, sipokei."

Ilikuwa ni kubahatisha, kwa upande wake. Akanunua matunda, akaenda kwa mama yake, ambako mjomba alikuwa anauguzwa.

Mjomba alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, macho yote mawili yamefungwa pamba na plasta, maana madaktari waliamua kuyamaliza kwa mkupuo mmoja. Mama, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alikuwa anampulizia chai.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bodi inaishi?"

"Inaishi. Nilitaka kujua tu, ule ukuta. Kwa nini pale?"

Mjomba akafurahi kuulizwa. Alieleza akichora hewani kwa kidole. Kuna programu ndogo inayoiamsha chipu kabla ya kiini. Kitabu kinasema ikimaliza kazi huondoka, lakini haiondoki, inajibanza mwisho wa kumbukumbu. Kiini hajui, anadhani chumba ni kitupu, anaingiza mizigo yake mle, na mashine inakufa. Ndiyo maana iliganda pale tu kumbukumbu ilipojaa. Mpwa aliandika yote kwenye simu, kidole kikikimbia.

"Umeshaituma?" mjomba aliuliza.

"Nimeituma."

"Nisomee basi."

Alimsomea barua yote. Alipofika chini, kwenye majina, alisita kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Kisha akasoma jina la mjomba wake kwanza, la kwake likafuata.

Chini ya plasta shavu la mjomba lilicheza. "Mimi wa kwanza? Aa, hapana. Ungetangulia wewe."

"Heshima, mjomba."

"Umesikia, dada?" mjomba alisema. "Ndiyo faida ya kulea." Na mama akaweka kikombe chini, akamshika binti yake mkono akambusu kiganjani. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba mtu na mpwa wake wameandikwa pamoja kwenye kazi ya dunia.

Msimamizi alipokea maelezo, akapokea kazi. Wiki mbili baadaye mjomba alirudi ofisini na miwani mipya, akishangaa rangi za kuta. Alikaa mezani kwake na kitu cha kwanza alichofungua kilikuwa ile orodha ya barua pepe za kiini, ambayo alikuwa akiisoma kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, mpaka macho yalipomzuia. Mpwa alikuwa meza ya pili. Alimwona akisoma, akamwona pia akirudi juu na kuanza upya, kama anayedhani miwani inamdanganya.

"Hukuniandika," mjomba alisema. Hakupandisha sauti.

Mpwa alikuwa amejiandaa kwa kelele, na majibu yake yote yalikuwa ya kelele. "Wewe ulikuwa unasema tu, mjomba. Kuandika niliandika mimi. Mstari kwa mstari."

"Ulinisomea jina langu."

"Ulikuwa mgonjwa."

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Simu ya mezani ikalia. Tabasamu alikuwa anamwomba apande juu mara moja, na aje na kitambulisho chake. Mchana mjomba alikuwa getini na katoni moja, mlinzi akiipekua kwa aibu.

Hakumwambia dada yake. Hilo ndilo Mpwa hakulitegemea. Mama alijua tu kwamba kaka yake kapunguzwa kazi, na kila Jumapili alimshika binti yake sikio: "Hebu sema na wakubwa wako. Si mliandikwa pamoja? Wewe wamekuacha, yeye wamemtoa kwa nini?" Mjomba akiwepo, alitazama dirishani. Mpwa alisema atajaribu.

Kiti alikikalia miezi saba. Watu wakaanza kumwita kwa jina lake, na mwanzoni alikuwa anachelewa kuitika. Kisha likatoka toleo jipya la kiini, likiwa na bodi yao ndani, na Tabasamu akamwita ofisini.

"Hongera," alisema. "Sasa bodi yetu inatunzwa na dunia nzima, bure. Wakibadilisha kitu, wanaibadilisha na ya kwetu. Nimeuliza, wameniambia ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi sina kazi ya kiini tena."

"Ulisema kiti kimoja kitabaki."

"Kilibaki. Sikusema kitabaki hadi lini." Akamnyooshea mkono, akitabasamu. Mpwa akaushika, maana mkono ulishanyooshwa.

Alitafuta kazi miezi mitatu. Kampuni moja ilimhoji mara mbili, wakapenda kila kitu, kisha mhoji akamgeuzia kompyuta. "Kuna mtu amekuuliza swali kwenye orodha, wiki tano sasa. Anatumia bodi yako. Ikipata joto inajizima na kuwaka upya, na jina lililopo ni lako. Mjibu, halafu tuongee."

Alilihangaikia swali hilo kwa siku nne. Alisoma daftari lake mwanzo hadi mwisho, na mle ndani mlikuwa na majibu mengi, lakini yote yalikuwa ya maswali yaliyopita. Siku ya tano akabeba kompyuta, akaenda kwa mjomba.

Alimkuta uani anatengeneza redio ya jirani. Alimwamkia, akaitikiwa. Hakuomba msamaha; alikuwa ameupanga njia nzima, lakini alipofika akafungua kompyuta tu na kuiweka juu ya meza, kati ya skrubu.

Mjomba alisoma. Sasa alisoma mwenyewe, haraka, kidole kikishuka pembeni ya skrini. Kwenye mstari mmoja, karibu na chini, kidole kilisimama. Kilikaa pale kitambo. Mpwa aliijua ile namna ya kusimama. Alikuwa ameishi nayo miaka minne. Ndivyo alivyotulia kabla ya ile ishirini na sita, na kabla ya ule ukuta. Mjomba alikuwa ameliona tatizo.

"Ni nini?" Mpwa aliuliza, na sauti yake ikatoka kama ya mtoto. "Mjomba, ni nini?"

Mjomba alimtazama usoni, kwa macho mazuri, yanayoona. Kisha akafunga kompyuta polepole, akairudisha mikononi mwa Mpwa.

"Sijui," alisema.

"Unajua."

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa nasema tu."

Akachukua bisibisi, akarudi kwenye redio. Mpwa alisimama pale mpaka mke wa mjomba alipotoka jikoni kumkaribisha chai, ndipo akasema ana haraka.

Swali lilikaa wiki sita nyingine. Kisha msimamizi akaandika barua fupi isiyomtaja mtu: bodi hii haina mlezi, asipopatikana, itaondolewa kwenye toleo lijalo. Hakuna aliyejitokeza.