Vidole Visomeke

Mistari iliyokuwa ikikimbia kwenye skrini ilisimama ghafla kwenye asilimia sabini na moja, na chini yake likatokea neno moja jekundu: kosa.

Dada Kopi aliondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeungua. Lilikuwa kosa la tatu tangu afungue duka asubuhi ile. La kwanza lilimdai kijiprogramu ambacho kompyuta yake haikuwa nacho, akakitafuta, akakiweka. La pili likamwambia alichoweka ni cha zamani mno. Sasa hili. Alisoma mistari ya mwisho polepole mpaka akaelewa: kumbukumbu ya mashine imejaa, kazi imekufa katikati.

"Bado unapika?" aliuliza Mama Sindano, fundi cherehani aliyegawana naye chumba kile, bila kuinua macho kwenye pindo.

"Najenga, mama. Sipiki."

"Tangu asubuhi unajenga, na hata msingi sijauona."

Siku nyingine angecheka. Duka lao lilitazamana na lango la hospitali, na kazi yake ilikuwa kunakili vyeti na kujaza fomu za wagonjwa. Kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ya maagizo yanayoiunda, ni jambo alilolijua kwa kudonoadonoa tu. Lakini mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara, wodi ya tatu, na saa nane mchana angefanyiwa upasuaji. Daktari hakuwaficha. Uvimbe ulikuwa mahali pabaya. Huenda akatoka, huenda asitoke.

Juzi mama aliomba simu, akafukuza kila mtu kitandani pake, akajirekodi dakika thelathini na nane. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa na hakuwahi kufundishwa kuandika. Maneno yake yote yalikaa mikononi. Ujumbe ulikuwa wa mwanawe wa kiume, kaka yake Dada Kopi, mchimba visima wa huko jangwani. Miaka tisa iliyopita kaka huyo alioa, na kwa kuona haya aliwaambia wakwe zake kwamba mama yake alishakufa. Tangu hapo hawakumwona tena.

"Usitazame," mama alimwambia kwa alama akimrudishia simu. "Na usikate hata kidogo."

Dada Kopi alipomwarifu, kaka alijibu kwa maandishi machache: mtandao wa kambini unafunguka saa saba mpaka saa nane, na faili isizidi megabaiti ishirini.

Faili ya mama ilikaribia elfu tatu. Kwa programu aliyokuwa nayo, Dada Kopi aliibana mpaka ikaenea kwenye ishirini, lakini kwa kutupia jicho mara moja tu aliona vidole vimegeuka matofali ya kijivu. Mtu anayesema kwa mdomo, picha ikiharibika, bado utamsikia. Mama, ukimfuta vidole, umemziba kinywa. Ndipo aliposikia habari za programu mpya, ya bure, inayobana zaidi bila kuponda. Ila ile iliyokwisha kutengenezwa ilikataa kompyuta yake kuukuu. Ikabaki kuchukua msimbo wenyewe na kuijenga humohumo, kwa kipimo cha mashine yake.

Alirudi kwenye maelekezo. Alikuwa ameiamuru mashine ifanye vipande vinne kwa pamoja. Mzigo wa punda, kambebesha mbuzi. Akaamuru upya: kimoja kimoja.

Sabini na mbili. Sabini na tatu. Feni ikakoroma. Mama Sindano, bila kuombwa, akachomoa pasi yake ukutani. "Umeme wenyewe huu wa kubembeleza," alisema. "Nguo zitavaliwa na makunyanzi yake."

Saa tano na nusu ikafika mia. Dada Kopi akaiweka programu mahali pake, akaiita. Mashine ikajibu kwamba maktaba yake, yaani faili inazozitegemea, haionekani.

"Nimekuweka mwenyewe sasa hivi!" aliifokea skrini, sauti ikampasuka. "Mwenyewe, kwa mikono yangu!"

Cherehani ilinyamaza. "Umeleta mgeni mtaani, mwanangu," Mama Sindano alisema taratibu. "Kuna aliyewaambia majirani anakaa wapi?"

Alikuwa akitania ili kumpoza. Lakini Dada Kopi aliduwaa, kisha akapekua maelekezo mbio. Palikuwa na mstari mmoja alioruka, wa kuitaka mashine ihesabu upya maktaba zake. Akauandika. Akaita tena. Programu ikaitika.

Kabla ya kubana yote ilibidi ajaribu kidogo, aone kama vidole vinasomeka. Alichagua sekunde kumi za katikati, bila kuangalia. Ilipokwisha, hakuwa na njia ila kutazama.

Mikono ya mama ilikuwa midogo kwenye skrini, lakini kila kidole kilisimama peke yake. *Siku ya harusi nilikuja. Nilisimama nje ya geti. Nikakuona. Koti lilikubana mabegani.*

Siku ile mama aliaga kwamba anakwenda sokoni, akarudi jioni na kapu tupu.

"Vinasomeka?" aliuliza Mama Sindano.

"Vinasomeka," alijibu, na machozi yakadondoka kwenye kibodi.

Kubana kulikwisha saa saba na dakika kumi na tisa. Megabaiti kumi na tisa na nusu. Akatuma, akavuka barabara akikimbia, simu mkononi kama kaa la moto.

Mama alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Simu ikatetemeka: *Imefika. Nimeifungua.* Kabla hajashusha pumzi ikaja nyingine: *Dada, nimesahau alama. Naelewa moja, kumi zinanipita.*

"Amesema nini?" mikono ya mama iliuliza.

Dada Kopi akaibana simu kwapani ili mikono iwe huru.

"Anakutazama," alisema.

Mama akamkazia macho kitambo, kama anayepima kitambaa. Akaitikia kwa kichwa. Nesi akasukuma kitanda, na milango ikajifunga.

Kwenye benchi la korido picha kutoka kwa kaka zikaanza kuingia, moja moja, mama amesimamishwa katikati ya neno. *Hii ni nini?* Dada Kopi alisita. Mama alisema usitazame. Hakusema usimsaidie. *Mvua,* aliandika. *Na hii?* *Kusamehe. Au kusahau. Inategemea uso wake.*

Kisha ikaja ya kidole kidogo kikiwa juu ya nyusi. *Hii imerudi mara nyingi. Nimeitafuta kila mahali, haipo.*

*Haipo kwa sababu ni yake. Ni lile kovu lako la kwenye nyusi. Hilo ni jina lako.*

Korido ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Saa saba na dakika hamsini na nane picha nyingine ikaanza kufunguka, kutoka juu, ukanda kwa ukanda: dari ya wodi, kitambaa cha kichwani, paji la uso, macho. Kidevu. Hapo ikasimama. Saa ya ukutani ilikuwa nane na dakika moja; mtandao wa kambini ulikuwa umefungwa. Chini ya kidevu, mahali pa mikono, palikuwa na kijivu kitupu, na Dada Kopi akaishika simu kwa viganja viwili, asiizime.