Kamio Bila Asiransi

Tangu asiransi ya kamio, lori la tajiri wake, iishe, Zuberi hakuendesha tena kwa raha. Kila alipoona kofia ya polisi barabarani, alipunguza mwendo na kuvuta kofia yake hadi machoni. Alikwisha kumwambia tajiri yake, Lukmani, mfanyabiashara wa samaki pale mjini Baraka, kando ya ziwa, kwamba bima imekwisha tangu kiangazi. Lukmani alicheka.

"We endesha tu. Asiransi tutalipa kisha mvua. Na kama kitu inatokea, mi sikukutuma. We ndiye uko kwa usukani."

Zuberi alikuwa na mke, Mwanahamisi, na watoto, na mwaka ule wa hamsini na sita, wakati wa Wabelgiji, kazi ya udereva haikuwa kitu cha kuokota njiani. Akaendelea kuendesha.

Siku hiyo alikuwa anateremka kutoka Fizi na mzigo wa mihogo. Mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi, barabara imekuwa utelezi mtupu. Kwenye kona moja akamwona mtu akisukuma baiskeli yenye ndizi. Akapiga honi, akakanyaga freni. Magurudumu yakagoma, kamio ikaserereka ubavuubavu. Alisikia kishindo kidogo, kidogo kuliko alivyotegemea, kisha injini ikazimika.

Mtu yule alikuwa amelala mtaroni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Usiniache," alisema. "Baba, usiniache."

Zuberi alitazama juu, akatazama chini. Hapakuwa na mtu. Hospitali ilikuwa kulekule Fizi alikotoka, na jela pia ilikuwa kulekule. Kule Baraka alikuwa na ndugu yake mwenye mtumbwi ambaye angemvusha hadi Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kabla ya jioni, na huko nani angemtafuta? Alijikuta ndani ya kamio. Akawasha injini, akaenda zake.

Alifika kona ya pili tu, akapunguza mwendo. Kadiri mvua ilivyozidi, ndivyo alivyozidi kuyawaza maji yanavyojaa ndani ya ule mtaro. Akageuza kamio, na gurudumu la nyuma nusura litumbukie korongoni.

Alimkuta majeruhi amejivuta kwa viwiko hadi kwenye nyasi. Alipomwona dereva anashuka, mtu yule hakushukuru. Alianza kurudi nyuma, akijiburuta, macho yamemtoka.

"Umerudia nini?"

"Nakuja kukubeba."

"Hapana! Niko na bibi, niko na batoto. Mi sitasema kitu. Sikuona kamio, sikuona uso yako. Uniache hapa tu!"

Zuberi hakumwelewa mara moja. Kisha ikamjia ile habari iliyokuwa ikizunguka sokoni, ya dereva asiye na karatasi aliyemgonga mtu, akarudi kumsukumia bondeni ili asije kusema. Yeye mwenyewe aliwahi kuisikia na kuicheka. Kumbe kwa mtu huyu, dereva yule ndiye huyu aliyesimama mbele yake. Bonde lilikuwa pale karibu, limejaa ukungu, na Zuberi akaona jinsi jambo lile lingekuwa jepesi. Aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Akachuchumaa mbali kidogo.

"Sikia. Mi ni Zuberi, mutoto ya Uledi, wa Baraka. Kamio ni ya Lukmani. Haina asiransi. Sasa unajua yote. Tukifika kwa munganga, useme vile."

Mtu yule alimkazia macho, mvua ikimtiririka usoni.

"Norbert," alisema mwishowe. "Wa Lubondja."

Zuberi akambeba, akampandisha kamioni. Njia nzima ya kurudi Fizi, Norbert aliguna kwa maumivu, na mkono wake haukuachia kitasa cha mlango, kana kwamba angeweza kuruka kwa mguu mmoja. Zuberi aliuona mkono ule, akaendesha polepole.

Hospitalini Zuberi alisema mwenyewe kila kitu. Polisi alipofika, akamrudia maneno yaleyale.

Lukmani aliapa kwamba dereva aliichukua kamio bila ruhusa. Siku ya kesi Norbert alikuja na magongo, akaeleza kwamba dereva alikimbia, kisha akarudi. Hakuongeza wala hakupunguza. Zuberi akafungwa pale Fizi. Norbert hakupata kitu, maana hapakuwa na asiransi ya kumlipa, na mguu wake ulipona ukiwa mfupi.

Gerezani, kilichomnyima Zuberi usingizi ni shamba la Norbert. Msimu wa kulima ulikuwa umeanza, na mwenyewe hawezi hata kusimama na jembe. Nani angewalisha wale watoto? Mwanahamisi alipokuja kumwona, alimwambia hofu yake hiyo. Mkewe akamwachia chakula, akaondoka.

Aliporudi, viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Nilifika Lubondja," alisema. "Bibi ya Norbert, Anastasie, mama ya batoto yake, alisimama kwa mulango. Nikamusalimia, hakuitika. Alinitazama sana, nikaogopa ataita bantu banifukuze."

"Halafu?" Zuberi aliuliza.

"Halafu akaingia ndani, akatoka na jembe yake. Akanionyesha pa kuanzia."