Maji ya Zuhra

Mwamina binti Harithi hakuwa mtu wa kubabaika. Pale kijijini Narung'ombe, mwanamke aliyetatizwa na udhu au josho lake alikwenda kumuuliza yeye, maana alisoma chuoni mpaka akahitimu, na hakuona haya kukukumbusha hivyo. Basi siku Zuhra, mwanawe wa pekee, aliporudi kutoka shambani akichechemea, damu inamtiririka kwenye kigimbi, mama alijua la kufanya.

"Mbwa wa mjomba Kaimu," mtoto alisema.

Kaimu, kaka yake Mwamina, alifuga mbwa wa kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Mwamina hakumpenda mbwa yule tangu mwanzo, ila kilichomtisha siku hiyo si meno yake, ni mate. Najisi. Akamkalisha mtoto nyuma ya nyumba, akauosha mguu mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Udongo aliuchota palepale chini ya migomba, akausugua mpaka ndani ya matundu ya meno, Zuhra analia kwa uchungu. Kisha akafunga kipande cha khanga safi, roho yake ikatulia. Mtoto alikuwa ametoharika, na kwake yeye habari ya mbwa ikaishia hapo.

Jioni Kaimu alikuja kuomba radhi. "Hana tabia hiyo, dada. Sijui kaingiwa na nini."

"Mfunge, basi."

"Hajarudi tangu alipomng'ata mtoto."

Neno hilo lingemshtua mtu mwingine. Mwamina alilisikia, akaendelea kupepeta mchele wake. Kwenda zahanati hakukumjia akilini hata kidogo. Kidonda chenyewe kidogo, na alishakiosha.

Kidonda kilikuwa kimeshakauka Kaimu aliporudi tena, na safari hii hakukaa. Mbwa wake alikuwa ameuawa njia ya Nachingwea. Alikuwa anayumba kama mlevi, mate yanamchuruzika, na kabla hajapigwa alikuwa ameng'ata mbuzi wa watu. Mwamina alimwita Zuhra, akampakia kwenye bodaboda, wakaenda hospitali Ruangwa mjini.

"Mliosha kwa sabuni?" muuguzi aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, jina lake Teodosia.

"Kwa maji na udongo. Mara saba."

Teodosia hakumcheka. "Hiyo ya dini umeitimiza, mama. Ya kidonda ni sabuni na maji yanayotiririka, uoshe kwa muda mrefu, halafu siku hiyohiyo unakuja. Udongo hauingii kwenye kidonda."

Mwamina alitamani ardhi immeze. Alimshika mtoto wakati anachomwa sindano, akaambiwa zinazofuata asikose hata moja.

"Atapona?"

"Hajaugua. Tunataka ugonjwa wa kichaa cha mbwa usimfikie. Mmechelewa kuanza, lakini tumeanza."

"Na ukimfikia, nitajuaje?"

"Maji. Atashindwa kunywa maji, koo litayakataa."

"Hapo mtampa dawa gani?"

"Mlete kwenye sindano zake, mama," Teodosia alisema, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Sindano hakukosa hata moja. Lakini hofu haikuisha na sindano, kwa kuwa aliambiwa pia kwamba ugonjwa huo unaweza kujificha muda mrefu. Kila alfajiri alimpa Zuhra kikombe cha maji, akasimama mbele yake akilitazama koo linavyopanda na kushuka. Adhuhuri tena. Kabla ya kulala tena. Mtoto aliona mama yake kawa mtu wa vituko, akawa anakunywa huku anacheka.

Ramadhani ikaingia. Mwaka uliopita Zuhra aliahidiwa kwamba akifikisha umri huu ataanza kufunga, na aliisubiri ahadi hiyo kwa hamu.

"Mwaka huu hapana," Mwamina alisema.

"Mbona ulisema mwenyewe?"

"Nimesema hapana."

Majirani walisikia, wakaguna. Mwamina huyuhuyu, aliyewasema watoto wa wenzake kwa kula mchana. Hakuwaeleza. Angesemaje kwamba hawezi kukaa toka alfajiri mpaka magharibi bila kumwona mwanawe akimeza?

Siku moja alichelewa kupalilia ufuta, kikombe cha adhuhuri kikampita, akarudi jioni, naye kinywa kimemkauka kwa funga, akachota maji mtungini. Zuhra alikuwa amejilaza mkekani, macho yamelegea. Kikombe kilipomkaribia alirudisha kichwa nyuma.

"Sitaki."

"Kunywa, mwanangu."

"Sitaki maji, mama."

Mwamina alipiga magoti, akamshika taya, akamlazimisha kikombe mdomoni. Zuhra alifumba midomo, akatikisa kichwa, maji yakamwagika shingoni. Mengine yakaingia, yakampalia, akakohoa mpaka akatokwa machozi. Mwamina alilitazama lile koo bila kupumua. Likapanda, likashuka.

"Umeniharibia funga yangu," Zuhra alisema. "Nilikula daku kwa siri. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

Mwamina alikaa chini kwenye tope la maji yaliyomwagika. Alitaka kumwomba mtoto msamaha, alitaka kumweleza, na hakuweza hata moja. Akakinyanyua kikombe tena.

"Kunywa tena," alisema. "Nione."